Kalondu Muli, Aliyemsimamisha Ndovu wa Kyumbani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Ni Jumapili, saa nane na dakika tano mchana, na hapa ni Mbuvi. Kama kuna mtu nyumbani kwako aliyewahi kusoma Kyumbani, mwite sasa hivi. Mwambie aache sufuria, aache gazeti, aje akae. Leo tunamkumbuka mtu wake.

Tunamkumbuka Kalondu Muli. Narudia jina: Kalondu Muli, fundi wa maabara, Koleji ya Sanaa na Sayansi ya Kyumbani, huku kwetu Makueni. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Tulimzika jana, nyumbani kwake karibu na Kibwezi.

Na wewe unayetafuta kitambaa, ngoja kwanza. Binti yake, Mumbua, alinipigia simu Ijumaa. Akaniambia hivi: "Mbuvi, ukiliza watu redioni nitakuja huko stesheni nikutoe nje kwa mkono. Mama alicheka maisha yake yote. Wewe waambie ya ndovu."

Sawa, Mumbua. Nitawaambia ya ndovu.

Lakini ndovu alikuja baadaye. Mwanzo ulikuwa mbuzi. Kalondu alizaliwa mwaka wa 1942, Mutomo, upande wa Kitui. Baba yake alikuwa na bucha pale sokoni. Siku ya soko, ili kuwafurahisha wateja, mzee alimfunga binti yake macho kwa leso, akampa mfupa mkononi, akamwuliza, "Huu ni wa wapi?" Na Kalondu, mtoto wa miaka saba, anaushika, anaugeuza, anasema, "Mguu wa mbele, baba. Wa kushoto." Watu wanapiga makofi. Hakukosea. Mumbua anasema alikosea mara moja tu, na siku hiyo mfupa ulikuwa wa punda, mzee alikuwa amemtega.

Shule alisoma mpaka kidato cha pili. Mwaka wa 1962 akapata kazi ya kuosha vyombo katika maabara ya shule moja ya sekondari huko Kitui. Kuosha tu. Lakini alikuwa anaosha akisikiliza. Mwalimu akisema hiki kinaitwa hivi, yeye anarudia kimya kimya kwenye karai lake. Miaka sita baadaye walimpeleka Nairobi kusomea ufundi wa maabara, akarudi na cheti, na muda si mrefu akaolewa na Muli, mfanyakazi wa kutunza reli, mtu mrefu na mpole, wa Kibwezi.

Sasa koleji. Wasikilizaji wadogo hamjui Kyumbani ilivyokuwa. Leo mnaona magorofa, mnaona lango na bustani. Mwaka wa 1973 hakukuwa na lango. Kulikuwa na ghala la pamba. Narudia: Koleji ya Sanaa na Sayansi ilianza ndani ya ghala la pamba. Chama cha wakulima kilikuwa kimelihama, na wakulima wenyewe, na makanisa, na wazazi wa Kitui na Makueni, wakasema hapa pawe mahali pa watoto wetu kusomea vitabu vikubwa. Watu walileta mchanga kwa punda. Kina mama wa kule Salama walileta mabati. Wanafunzi wa kwanza walikuwa arobaini, na walikaa wakiokota pamba kwenye nywele, kwa sababu ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye dari.

Katikati ya lile ghala waliweka ukuta wa mbao. Upande huu Sanaa. Upande ule Sayansi. Ukuta ulikuwa mwembamba, wasikilizaji. Sisi wa Sanaa tukifanya mazoezi ya kwaya, wao wanapima kemikali na mikono inacheza kwa mdundo. Wao wakichemsha vitu vyao, sisi tunatoka nje tukikohoa. Tuliwaita Watu wa Moshi. Wao walituita Watu wa Kelele. Na fundi wa maabara upande wa moshi, tangu siku ya kwanza kabisa, alikuwa Kalondu. Sisi sote tulimwita mwaitu, yaani mama, kwa Kikamba. Hata wahadhiri.

Mimi niliingia Kyumbani mwaka wa 1985. Sanaa. Mtu wa Kelele. Na mwaka uliofuata, 1986, barua ikaja.

Barua ilitoka kwa tume ya ukaguzi iliyokuwa Nairobi. Mkuu wetu, Daktari Mutunga, alitusomea tukiwa tumesimama nje kwenye jua. Ilisema koleji inafundisha sanaa vizuri. Ilisema upande wa sayansi hauna vifaa vya kutosha. Elimu ya wanyama, hasa, haina hata mkusanyiko wa mifano ya kufundishia. Tume itarudi Machi mwaka wa 1987. Ikikuta hali ni ile ile, sayansi itafungwa Kyumbani.

Sayansi ingefungwa. Wanafunzi sitini na wawili wangerudi nyumbani. Nakumbuka msichana mmoja alikaa chini palepale kwenye vumbi. Aliitwa Timiro, binti wa Mzee Samatar, mfanyabiashara wa mifugo wa pale Emali. Familia yao ilitoka kaskazini mashariki, na Timiro alikuwa binti wa kwanza katika ukoo wao kufika koleji. Alikuwa anasomea elimu ya wanyama. Mwaitu Kalondu alimwinua, akamfuta vumbi mgongoni, akasema, "Simama. Machi ni mbali."

Lakini Machi haikuwa mbali. Na kwenye kabati la elimu ya wanyama kulikuwa na nini? Vyura wanne kwenye chupa na fuvu la paka.

Wiki tatu baadaye, Muli alirudi kutoka kazini akiwa na habari. Huyu hapa Muli mwenyewe, nilizungumza naye jana baada ya mazishi: "Nilimwambia tu kama habari ya kawaida. Nikasema, mama Mumbua, treni ya mizigo imegonga ndovu huko chini, dume mkubwa, amekufa kando ya reli. Nilifikiri atasema pole kwa mnyama. Yeye akaweka mwiko chini. Akaniuliza, mifupa yake imevunjika?"

Mifupa yake imevunjika! Hilo ndilo swali lake.

Mifupa haikuwa imevunjika. Treni ilimpiga ubavuni na kumsukuma, akaanguka upande wa pili wa tuta. Askari wa wanyamapori walikuja wakachukua pembe, kama sheria inavyotaka. Kesho yake Kalondu alienda ofisini kwao akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, na barua ya Daktari Mutunga mkononi. Mkubwa wa pale akasoma, akamwangalia. "Mama, unataka ndovu mzima?"

"Nyama sitaki," akasema Kalondu. "Nyama waachie tai. Mimi nataka kilichobaki."

Akapewa kibali. Walimfunika yule ndovu kwa matawi ya miiba ili fisi wasivute vipande, wakawaacha wadudu wafanye kazi. Miezi miwili. Kila Jumamosi Kalondu alipanda toroli ya reli na mume wake kwenda kumwangalia ndovu wake, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Mwezi wa Novemba akasema, ameiva. Tukahitaji lori.

Malori yalikuwa Emali, na lori kubwa kuliko yote lilikuwa la Mzee Samatar, baba yake Timiro. Kalondu alikwenda na Timiro mwenyewe. Wakamkuta sokoni, amesimama kati ya mbuzi mia moja, anakunywa chai ya maziwa.

"Mama," akasema Mzee Samatar aliposikia ombi, "mimi nakuheshimu sana. Lakini gari yangu iko ya mbuzi. Ikibeba hiyo ndovu mara moja, mbuzi hakuna itapanda tena. Itasikia harufu, itafikiri huko ndani iko kifo."

"Nitaliosha mwenyewe, mzee."

"Utaosha na nini?"

"Na magadi. Na nikimaliza wewe utaingia kwanza, unuse. Harufu ikibaki, nitaosha tena."

Mzee akamgeukia binti yake. Akamwuliza kwa Kisomali, na Timiro ndiye aliyenitafsiria miaka mingi baadaye: "Hii mifupa, ni ya masomo yako wewe?" Timiro akajibu, "Ni yangu, baba. Isipokuja, nitarudi nyumbani." Mzee akamwaga chai iliyobaki. Akaita dereva. Na yeye mwenyewe akapanda mbele, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona ndovu akisafiri barabara ya Mombasa.

Wasikilizaji wapendwa, mifupa ya ndovu mmoja ni karibu mia tatu. Narudia: karibu mia tatu. Tuliipanga kwenye uwanja nyuma ya ghala, na mingine bado ilikuwa na mafuta. Kalondu akaweka mapipa matano juu ya moto, maji, magadi, na mifupa ndani. Moto uliwaka siku kumi na mbili. Ile harufu! Ile harufu ilifika Kibwezi kabla ya basi. Jumapili kanisa lilikuwa linakutana chini ya mabati ya ukumbi wetu, na Kalondu mwenyewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Pasta alihubiri akiwa na leso puani. Alimaliza kwa dakika kumi na tano. Kisha akamwita Kalondu nje. Watu wakafikiri anamkemea. Kumbe alimwambia, "Dada Kalondu, hiyo kazi isiishe haraka, washirika wamefurahia mahubiri mafupi."

Sisi Watu wa Kelele mwanzo tulicheka. Tulipita mbali tumeshika pua. Siku ya nne mwaitu akanikamata. Mimi, Mbuvi. Akanipa brashi na pingili moja ya uti wa mgongo, kubwa kama kigoda. Akasema, "Wewe una mdomo mwingi. Imba, lakini mikono ifanye kazi." Nikasugua. Kesho yake nikaleta wenzangu. Mpaka wiki ya pili kwaya nzima ya koleji ilikuwa pale, inasugua na kuimba, na Watu wa Moshi wanajibu kiitikio, vibaya kabisa, lakini wanajibu.

Kila mfupa ulipotoka kwenye pipa, Kalondu aliufuta, akaushika, akaugeuza. "Mguu wa nyuma. Kulia." Anaandika namba. "Kidole. Mbele. Kushoto." Anaandika namba. Kitabu cha kumwelekeza kilikuwa kimoja, cha ndovu wa Asia, na mara tatu aligombana nacho. Mara tatu kitabu kilishindwa.

Halafu tukagundua mambo mawili.

La kwanza, ndovu haingii. Maabara ilikuwa fupi. Ili asimame mzima, kichwa kingepita kwenye ukuta wa mbao na kutokea upande wa Sanaa, katika darasa la uchoraji la Mwalimu Ndululu.

Mwalimu Ndululu alikuwa mkali, na alikuwa amekaa miaka kumi na tatu akilalamika juu ya moshi. Kalondu akabisha hodi.

"Mwalimu, naomba tutoe ukuta."

"Ukuta gani?"

"Huu wetu."

"Yaani ndovu wako aweke kichwa kwenye darasa langu?"

"Kichwa na miguu ya mbele," akasema Kalondu. "Miguu ya nyuma nitakaa nayo mimi."

Ndululu alisimama pale, kalamu ya risasi sikioni. Akaenda nyuma, akaangalia mifupa iliyopangwa kwenye nyasi. Akachuchumaa mbele ya lile fuvu muda mrefu sana. Alirudi na nyundo. Ubao wa kwanza aliung'oa yeye.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Ubavu mmoja haukuwepo. Ubavu wa tisa, upande wa kushoto. Tulitafuta kando ya reli siku tatu. Fisi alikuwa amepita kwenye miiba. Kalondu alirudi amechoka, akaketi juu ya pipa lililogeuzwa.

Ndululu akamwambia, "Nipe wa kulia nione."

Aliuchukua ubavu wa kulia kama mfano. Akaenda Kitui kutafuta mti wa mukau, ule mti wetu wa kutengenezea milango na vitanda. Akachonga siku tisa. Akausugua kwa majivu, akaupaka majani ya chai, akaupiga msasa, akaupaka tena. Alipouleta, tuliupitisha mkono kwa mkono.

Ndovu alisimama Februari. Tulimfunga kwa mabomba ya maji na waya. Muli na wenzake wa reli walikuja na kamba zao wakainua fuvu. Na lilipokaa mahali pake, Mzee Samatar, aliyekuwa amekuja kutazama, akasema kwa sauti, "Sasa amesimama. Mwambie atembee!" Ghala lote likacheka.

Daktari Mutunga alimwita Kalondu pembeni siku moja kabla ya tume kuja. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na hofu. "Mama, ule ubavu wa mti. Si lazima tuutaje. Unafanana kabisa."

"Na wakiuliza?"

"Hawatauliza."

Tume ikaja. Watu watatu, na kiongozi wao profesa mzee wa elimu ya wanyama, suti ya kijivu, miwani mizito. Sisi tulijipanga ukutani, Sanaa na Sayansi, tumechanganyika. Profesa akasimama mlangoni. Akavua miwani. Akaivaa tena. Akamzunguka ndovu mara moja, polepole. Akauliza maswali, na Timiro akayajibu, sauti yake inatetemeka mwanzo, halafu haitetemeki. Profesa akasema kwa Kiingereza kwamba hajaona kazi kama hiyo nje ya Nairobi. Akafungua karatasi zake. Akatoa kalamu. Daktari Mutunga akapumua.

Na Kalondu akasema, "Profesa, kabla hujaandika."

Daktari Mutunga akakohoa. Kikohozi kirefu.

"Kuna mfupa mmoja si mfupa," akasema Kalondu. "Ubavu. Fisi alichukua wa kweli, tukachonga wa mti. Mimi ndiye fundi, nimeufunga mwenyewe. Nisingependa uandike mia kwa mia, na si mia kwa mia."

Nilikuwa namwangalia Timiro. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Profesa akaweka kalamu mfukoni. "Upi?" akauliza.

"Wewe ni mwalimu, profesa. Tafuta."

Mumbua anasema mama yake hakujua alikotoa maneno hayo. Yalitoka tu. Na profesa, wasikilizaji wapendwa, yule mzee wa suti ya kijivu, akavua koti. Akampa mwenzake alishike. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akaingia chini ya ndovu. Akagonga huu kwa kucha, akasikiliza. Akagonga ule. Akanusa. Dakika tano. Dakika kumi. Hatimaye akaweka kidole kwenye ubavu wa nne, kulia. "Huu hapa."

"Huo ni wa ndovu," akasema Kalondu.

Aliyeanza kucheka alikuwa profesa mwenyewe, akiwa bado chini, vumbi kwenye magoti. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu tukacheka sote, na Daktari Mutunga akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Kalondu akamwonyesha ubavu wa tisa. Profesa akaupapasa juu mpaka chini. Akauliza, "Nani amefanya hii?" Ndululu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Barua ya tume ilikuja Mei. Sayansi ibaki Kyumbani. Narudia: sayansi ibaki. Na chini kulikuwa na mstari mmoja kwa mkono, wino wa buluu: kwamba ukuta uliotolewa usirudishwe.

Haukurudishwa. Wanafunzi wa uchoraji walichora mifupa, wanafunzi wa sayansi wakajifunza kuchora. Shule zilianza kuja kutoka Kitui, kutoka Mutomo, kutoka Emali, watoto mistari miwili, kumwona ndovu. Mwaka wa 1992 magorofa yakajengwa, lakini ghala liliachwa. Timiro alimaliza shahada yake. Leo anafundisha, na jana alisimama kaburini na baba yake, Mzee Samatar, mzee sana sasa, ameshika fimbo. Nilimwuliza mzee kama lori lilinuka baadaye. Akasema, "Huyo mama aliosha mara nne. Mbuzi walipanda wenyewe."

Kalondu alistaafu mwaka wa 1997. Mwaka huu akaugua. Mumbua anasimulia siku zake za mwisho hospitalini. Daktari kijana alikuja na picha ya eksirei, anataka kuwaeleza familia taratibu, wasishtuke. Mama akaomba aione. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia daktari, "Uliishika kinyume, mwanangu. Huo ni upande wa kulia." Daktari akaangalia. Akaigeuza. Mumbua anasema walicheka wote watatu mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Siku mbili baadaye mama alitutoka, asubuhi, Muli amemshika mkono.

Kwa Mzee Muli, kwa Mumbua na wajukuu, kwa ndugu wa Mutomo na jamaa wote wa Kibwezi, poleni. Poleni sana kutoka kwangu na kwa wote wa stesheni hii. Kwa familia ya Kyumbani, Watu wa Moshi na Watu wa Kelele, poleni. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayesikiliza, fikiri kidogo nami. Cheti changu cha Kyumbani kina sahihi tatu. Ya Daktari Mutunga, na mbili za watu ambao sikuwahi kukutana nao. Jina la Kalondu Muli halimo kwenye cheti cha mtu yeyote. Mtu kama huyo yuko shuleni kwako, kazini kwako, kanisani kwako, msikitini kwako. Unamjua. Umeshauona uso wake sasa hivi ninapoongea.

Mimi nilimaliza masomo mwaka wa 1988. Nilipita Kibwezi mara nyingi, nikielekea Mombasa, nikirudi. Kila mara nilisema, safari ijayo nitashuka nimsalimie mwaitu, nimwambie asante. Miaka kumi nilikuwa nayo ya kumwambia yeye, na leo ninaiambia maikrofoni. Wewe usingoje kipindi kama hiki. Zima redio, inuka, uende ukamwambie.